Nyepesi Si Hafifu

Neno hafifu lilifika pwani kutoka Kiarabu, na huko lilikotoka halikuwa na doa lolote. Lilikuwa kinyume cha zito, basi. Lilipozoeana na Waswahili likaanza kubeba lawama: kitambaa hafifu ni kile kitakachochanika, mwanga hafifu hautoshi kusomea, hoja hafifu haimfikishi mtu mbali mbele ya hakimu. Neno letu wenyewe, -epesi, lilishika njia nyingine. Mtu mwepesi ana mbio. Mwanafunzi mwepesi wa kuelewa hangoji kurudiwa, na hata mwepesi wa hasira analaumiwa kwa kasi yake tu. Kwa hiyo tuna maneno mawili ya kitu kisicho kizito, moja limeelekea kwenye kasi na jingine kwenye kuvunjika, na simjui anayeyahitaji yote mawili kwa pamoja kuliko mtu wa Kakamega anayenunua magurudumu ya baiskeli kwa simu.

Tangazo analokutana nalo Jumia, Kilimall au AliExpress lina sifa tatu zinazorudiwa kila mahali: magurudumu ni ya aloi, ni mepesi, na bei ni nafuu. Sifa zote zimeandikwa kwa Kiingereza, mara nyingi Kiingereza kilichopitishwa kwenye mashine ya kutafsiri kikitoka Kichina. Msomaji anazielewa, na akiishia kuzielewa kijuujuu anaweza kuletewa parseli isiyoingia kwenye baiskeli yake. Nataka kukaa na maneno haya kwa sababu nayapenda, na kwa sababu pesa za watu zimo ndani yake.

Kakamega haikuanza kuijua baiskeli jana. Neno boda boda lilizaliwa si mbali na hapa, mpakani Busia, katika miaka ya 1960, wenye baiskeli walipokuwa wakivusha abiria na mizigo kati ya upande wa Kenya na wa Uganda na kuwaita wateja kwa jina la Kiingereza la mpaka. Baiskeli ya kazi hiyo ilikuwa Black Mamba, nyeusi, ya chuma, yenye breki za fimbo na keria ya kubeba gunia zima, iwe imetoka kwa Raleigh wa Uingereza, Hero wa India au Phoenix wa China. Mwishoni mwa miaka ya 2000 serikali ikaondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo. Nduthi, kama tunavyoziita pikipiki hizo, zikachukua abiria na zikachukua jina pia; leo ukiita boda mjini Kakamega, anayekuja ana injini. Mamba wamebaki na maziwa, kuni na miwa. Pembeni yao limekua kundi jingine, la vijana wenye baiskeli za mbio na za mlimani za mtumba, wanaotoka alfajiri kuelekea Webuye, au wanaoteremka hadi Kisumu kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari kisha wakarudi kwa kupanda hadi mita 1,500 na zaidi. Maduka ya spea yana kila kitu cha mamba na vingi vya baiskeli ya mlimani ya inchi 26. Mwenye baiskeli ya mbio ndiye anayelazimika kutafuta magurudumu mtandaoni, na ndiye ninayemwandikia.

Jina la baiskeli yenyewe halijawahi kumtia mtu hasara. Wajaluo wanasema ndiga. Waganda wanasema eggaali, ambalo ni ndugu wa gari letu, wote wawili watoto wa neno moja la India. Mashariki ya Kongo msemaji wa Kiswahili anapanda kinga. Majina ya sehemu zake ndiyo yanayogharimu. Hapa Kenya duara la metali linaloshika tairi linaitwa rimu, na mzazi mwenye mtoto shuleni anajua kwamba rimu ni pia furushi la karatasi 500. Tanzania wengi wanasema ringi. Katikati kuna habu, na ndani ya habu mna ekseli na gololi. Kutoka habu hadi rimu zinakwenda spoki. Na gurudumu zima? Katika mazungumzo ya kila siku hapa kwetu gurudumu linaitwa tairi: "tairi ya mbele imepinda," mtu anasema, ingawa mpira haujapinda hata kidogo. Fundi anaelewa kwa sababu baiskeli iko mbele yake. Muuzaji aliye Guangzhou haoni kitu, na ukiandika tairi atakutumia tairi.

Kuna wanaotaka habu iitwe kitovu. Ni neno zuri mno: kitovu ni mahali mwili ulipofungwa na uhai wa mama, na pia ni katikati ya jambo, kama tunavyosema kitovu cha mji. Ningependa mtoto wa darasani achore gurudumu na kuandika kitovu mahali pake. Lakini dukani nitaendelea kusema habu, kwa kuwa neno la biashara ni lile linalomfanya muuzaji anyooshe mkono kwenye rafu sahihi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi ya Kenya. Urasmi huo bado haujafika kwenye sanduku la spea, na siamini utafika kwa wataalamu kukaa ofisini na kuandaa orodha. Istilahi za baiskeli tayari zipo katika vinywa vya mafundi, zimejaribiwa kila siku dhidi ya chuma chenyewe. Kazi ya mwanaisimu ni kwenda kuziokota kabla hajabuni zake.

Sasa aloi. Kwa maana yake ya kisayansi, aloi ni metali iliyochanganywa na metali nyingine, au na kitu kisicho metali, ili ipate tabia ambayo haikuwa nayo peke yake. Mji huu una sababu ya kulijua jambo hilo. Kakamega ilivamiwa na watafuta dhahabu mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mtaa wa Rosterman bado unabeba jina la mgodi wa zama hizo. Sonara yeyote atakwambia kwamba pete ya karati 18 ni asilimia 75 tu ya dhahabu. Sehemu iliyobaki imewekwa ili pete isipinde kidoleni. Hiyo ni aloi. Feleji ni aloi vilevile, chuma kilichotiwa kaboni. Basi rimu ya Black Mamba, kwa ukali wa sayansi, ni rimu ya aloi sawasawa na ile inayotangazwa kwenye simu.

Wafanyabiashara wa baiskeli hawazungumzi hivyo. Kwao aloi ni kifupisho cha aloi ya alumini, basi, na feleji inaitwa chuma. Tatizo ni kwamba kifupisho hicho kimepita katika mikono mingine kabla ya kufika kwetu. Wenye matatu wanaposema rimu za aloi wanakusudia zile pana zinazong'aa, za kupendezesha gari. Wenye pikipiki wanakusudia gurudumu lililomiminwa likawa kipande kimoja chenye mikono mitano au sita, na kinyume chake kwao ni "rimu ya spoki". Kwa hiyo mtu akimwambia fundi wa Kakamega kwamba ametafuta rimu ya aloi ya baiskeli, picha ya kwanza inayomjia fundi inaweza kuwa ni hiyo ya nduthi. Na mtandaoni magurudumu ya baiskeli ya namna hiyo yapo kweli, ya inchi 26, yamemiminwa kwa aloi ya magnesiamu au ya alumini, hayana spoki za waya hata moja, na yanatangazwa kuwa mepesi. Kwa kawaida ni mazito kuliko gurudumu la kawaida la spoki. Neno aloi halikumdanganya mnunuzi. Lilimwambia metali, naye akadhani limemwambia uzito.

Lugha yetu imewahi kuishi na mkanganyiko wa aina hii bila madhara. Sufuri ni shaba iliyochanganywa na zinki, na sufuria ikapata jina kwa kuwa ilitengenezwa kwa sufuri. Siku hizi sufuria za jikoni ni za alumini na hakuna anayelalamika. Jina limeng'ang'ania umbo, metali ikabadilika chini yake. Jikoni hilo halina neno, maana chakula kinaiva. Kwenye gurudumu linalokuteremsha mlima kwa kilomita 50 kwa saa, mtu anapaswa kujua jina limeng'ang'ania nini.

Ukitaka kwenda chini ya neno, kuna nambari. Tangazo likisema 6061, hiyo ni aloi ya alumini ambayo wenzake wakuu ni magnesiamu na silikoni. Likisema 7005, mwenzake mkuu ni zinki. T6 inayofuata baada ya kistari inaeleza namna ilivyopikwa: imepashwa moto mkali, ikazimwa ghafla, kisha ikakomazwa kwa joto la wastani. Napenda kwamba Kiswahili kinaweza kuyasema haya yote kwa maneno ya mhunzi, kupasha, kuzima, kukomaza, bila kukopa chochote.

Alumini ina gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo, feleji ina 7.85. Karibu mara tatu. Rimu yenyewe haiwi nyepesi mara tatu, kwa kuwa kuta za alumini hufanywa nene zaidi ili zihimili, lakini tofauti inasikika mkononi mara tu unapoinua. Hata hivyo, kama ningeulizwa sababu ya kwanza ya kununua alumini Kakamega, ningejibu mvua. Hapa hunyesha alasiri nyingi za mwaka, na rimu ya chuma iliyopakwa kromi ikilowa, mpira wa breki huteleza juu yake mpaka mtu anaanza kutafuta pa kuangukia. Alumini iliyolowa hushikwa na breki vizuri zaidi. Tofauti hiyo ni ya maisha, na tangazo haliitaji kabisa kwa kuwa aliyeliandika anaamini wepesi ndio unaouza.

Upande wa pili wa alumini nao usemwe. Rimu ya feleji ikipinda, fundi huilaza chini, huikanyaga, huigonga nyundo, na jioni mwenye maziwa yuko njiani tena. Alumini haikubali kubembelezwa hivyo mara nyingi. Hupasuka, na nyufa za kwanza hujitokeza kuzunguka matundu ya spoki. Tena udongo wetu mwekundu ukichanganyika na maji na kuingia kati ya breki na rimu, huikwangua kila unapofunga breki. Rimu nyingi zina kijishimo au mfereji mwembamba uliochongwa ubavuni. Kikitoweka, ukuta umeliwa hadi mwisho na rimu ni ya kutupwa. Kama baiskeli yako ina breki za diski, rimu haikwanguliwi, lakini lazima habu iwe na mahali pa kufungia diski. Magurudumu ya aina hizi mbili hayabadilishani nafasi, hata yakiwa na kipimo kimoja.

Kipimo ndicho kinachoniumiza zaidi, kwa sababu hapo watu wanapoteza pesa kwa kosa ambalo si lao. Chukua nambari 28. Katika ukurasa mmoja wa tangazo inaweza kutokea mara nne na kila mara iwe na maana nyingine. Inchi 28 ni ukubwa wa gurudumu. Kwenye 700x28C ni upana wa tairi kwa milimita. Ikifuatwa na H ni idadi ya matundu ya spoki. Kwenye 11-28 ni idadi ya meno ya sproketi kubwa ya nyuma. Msomaji makini anaweza kuzitenganisha hizo nne. Kinachoshinda hata umakini ni kwamba inchi 28 yenyewe ina maana zaidi ya moja.

Chukua mamba, ufute matope ubavuni mwa tairi kwa kidole gumba. Herufi zimeinuka kwenye mpira, zinaonekana vizuri zaidi mwanga ukija kwa pembeni. Utasoma 28 x 1½, na kando yake, kwa maandishi madogo, 40-635. Sasa nenda kwenye baiskeli ya mbio ya mtumba. Baadhi ya matairi yake pia yameandikwa inchi 28, hasa yaliyotengenezwa kwa soko la Ujerumani, lakini maandishi madogo yanasema 28-622. Hiyo nambari ya mwisho ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, kwa milimita. Tofauti ya 635 na 622 ni milimita 13. Tairi la 622 haliwezi kuvutwa likaingia kwenye rimu ya 635 hata ukitumia vijiko vitatu vya fundi, na tairi la 635 kwenye rimu ya 622 litalegea na kuchomoka likijazwa upepo. Majina ni mamoja, vitu ni viwili.

Kinyume chake nacho kipo. Baiskeli ya mlimani ya inchi 29 na baiskeli ya lami ya 700C zinaonekana kuwa za ulimwengu tofauti, na zote mbili ni 622. Hiyo 700 ni ya Wafaransa, waliopima zamani kipenyo cha nje cha tairi likiwa limejazwa na kutenga upana kwa herufi A, B na C. Herufi zimebaki, mantiki yake imesahaulika. Inchi 27.5 ni 584. Inchi 26 ya mlimani ni 559, ilhali inchi 26 ya baadhi ya baiskeli za mjini, iliyoandikwa 26 x 1⅜, ni 590. Nambari hizi za tarakimu tatu zimo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 5775, na hazina lugha wala ukoo. Kama nina ombi moja kwa wenye maduka ya spea kuanzia Kakamega hadi Mumias, ni kwamba tuanze kuzitamka: "Nipe tairi ya mia sita ishirini na mbili." Ni maneno marefu kuliko "ishirini na nane", lakini yanafika yanapotumwa.

Bei nayo ina msamiati unaostahili kusikilizwa. Kiarabu kilitupa rahisi kwa maana ya bei ya chini, nasi tukaongeza maana ya jambo lisilo gumu. Nafuu ni neno pole zaidi. Mgonjwa aliyepata nafuu bado hajapona; maumivu yamepungua, anaweza kukaa na kunywa uji. Ndiyo maana nalipenda zaidi kuliko maneno yote ya bei tuliyo nayo. Bei nafuu haitaji kiasi, inataja mwili wa anayelipa. Jozi ya magurudumu ya shilingi 15,000 ni nafuu kwa mmoja, na kwa mwingine ni karo ya muhula. Na unafuu unaoonekana kwenye skrini si wa mwisho: kuna nauli ya kusafirisha, kuna ushuru, kuna VAT ya asilimia 16 kwa kinachotoka nje, na kuna parseli ya basi kutoka Nairobi. Jumlisha kwanza, ndipo ulinganishe na magurudumu ya mtumba ambayo fundi anaweza kuyatafuta akayazungusha mbele yako.

Hapo pia ndipo neno jozi linapofanya kazi. Matangazo mengi huweka picha ya magurudumu mawili na bei ya moja. Uzito nao hucheza mchezo huohuo. Gramu 1,600 kwa jozi ya alumini ni wepesi wa kweli. Magurudumu ya kawaida ya bei ya chini huwa karibu na 1,900 au 2,000. Lakini 1,600 hiyo mara nyingi imepimwa bila tepu ya ndani ya rimu na bila vibanio vya ekseli, na ukikuta 900 imeandikwa bila maelezo, hilo ni gurudumu moja.

Wepesi huo unakupa nini? Wauzaji husema gramu moja kwenye gurudumu ni sawa na gramu mbili kwenye fremu. Ni kweli unapoongeza mwendo, kwa kuwa rimu inasonga mbele na inazunguka kwa wakati mmoja, na lazima uilipie miendo yote miwili. Ukishafika kasi unayoitaka kwenye barabara tambarare, faida hiyo haipo tena. Ukipanda kutoka Kisumu polepole na kwa mwendo mmoja, gramu ya rimu ni sawa na gramu ya chupa ya maji. Gramu 400 zilizopunguzwa zitasikika unapotoka kwenye mataa au unapomkimbilia mwenzako aliyekutoroka, na kwa hizo tu sitamshauri mtu auze mbuzi.

Kinachotenganisha nyepesi na hafifu kiko kwenye spoki. Mamba ya Kiingereza ilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, hesabu ya watu waliojua kwamba nyuma kutakaa gunia. Gurudumu la mbio linaweza kuwa na 20 mbele na 24 nyuma, na kuishi vizuri kwenye lami laini chini ya mtu wa kilo 65. Unene wa spoki hutajwa kwa geji, na geji inahesabu kinyumenyume: ya 14 ni milimita 2.0, ya 15 ni 1.8, kwa hiyo nambari ikipanda waya unakonda. Bora zaidi ni zile zilizo nene kwenye ncha mbili na nyembamba katikati, maana spoki haivunjiki katikati. Huvunjika shingoni, pale inapopinda kuingia kwenye habu.

Nimekaa sana kwa mafundi wa kando ya barabara kwa sababu ya maneno yao ya kazi hii, na ningemwomba yeyote anayependa Kiswahili afanye vivyo hivyo. Baiskeli inapinduliwa, inasimama kwa kiti na usukani. Fundi analizungusha gurudumu na kuweka kucha karibu na ubavu wa rimu bila kuigusa. Rimu ikiyumba, inagusa kucha mahali pamoja kila mzunguko. Analisimamisha, anazishika spoki mbili mbili na kuzibana kati ya vidole, kisha anazipiga kidogo kwa ncha ya spana na kusikiliza. Zilizokazwa sawa zina sauti moja. Iliyolegea inalia chini. "Hii imelala," anasema, na kuikaza robo ya mzunguko, kisha anailegeza kidogo ile ya upande wa pili. Kulala, kuamka, kuvuta, kuachia: maneno yote ni ya kitu chenye uhai. Mhandisi wa Marekani Jobst Brandt alieleza katika kitabu chake cha 1981 kuhusu gurudumu la baiskeli kwamba spoki zote zimevutwa tangu mwanzo, na mzigo unapokaa, zile za chini hupunguziwa mvuto huku nyingine zikibaki karibu kama zilivyokuwa. Kwa lugha ya fundi, zile za chini zinalala kidogo kila zinapopita ardhini. Zikiwa zimelegea tangu kiwandani, zinalala kupita kiasi, na ndizo zinazokatika. Kwa hiyo magurudumu ya bei nafuu yaliyotoka kwenye boksi yapelekwe kwa fundi kabla hayajagusa barabara. Malipo ya kuyanyoosha ni sehemu ya bei.

Ukimpelekea fundi huyo gurudumu lenye spoki bapa, zilizonyooka bila shingo, uzuri wake atausifu kwa moyo mweupe. Siku moja ikikatika, atazunguka maduka ya mjini na kurudi mikono mitupu. "Mkubwa, hii haina mwenzake," atakwambia, na gurudumu la gramu 750 litaning'inia ukutani wiki tatu likisubiri spoki moja kutoka ng'ambo. Kwa barabara zetu na maduka yetu mimi ningechukua matundu 32, au 28 kwa mtu mwepesi, spoki za mviringo zenye shingo, na rimu ya kuta mbili, yaani yenye daraja la ndani linalounganisha mbavu zake. Jozi ya namna hiyo itakuwa na gramu 1,800 au zaidi kidogo, na siwezi kuiita nzito.

Limebaki suala la nyuma. Friwili za zamani hukazwa kwa kuzungushwa moja kwa moja juu ya habu. Sproketi za kisasa huteleza kwenye mifereji ya mwili unaozunguka ulio sehemu ya habu. Habu ya aina moja haipokei meno ya aina nyingine. Tena nafasi kati ya mikono ya fremu kwa nyuma ni milimita 130 kwenye baiskeli nyingi za mbio zenye breki za rimu, na 135 kwenye nyingi za mlimani. Pima kwa rula kabla hujalipa, gurudumu likiwa limetolewa.

Kisha mwandikie muuzaji. Kwa wa hapa nchini, Kiswahili kinatosha kabisa:

"Habari yako. Naulizia magurudumu ya alumini uliyotangaza. Rimu ni 622 au 635? Bei ni ya jozi au ya moja? Matundu ya spoki ni mangapi mbele na nyuma, na spoki zina shingo? Habu ya nyuma ni milimita ngapi, na inachukua friwili ya kukaza au sproketi za kutelezesha? Ni ya breki za rimu au za diski? Uzito ulioandika umepimwa pamoja na nini? Asante."

Akijibu kwa kutuma tena picha ileile ya tangazo, mwombe picha nyingine, ya kibandiko cha rimu au ya upande wake wa ndani tairi likiwa limetolewa. Rimu nyingi zimeandikwa hapo kitu kama 622 x 17, na hiyo 17 ni upana wa ndani kwa milimita, unaotosha tairi la 25 au 28 bila wasiwasi.